Difu ya nyuma ni LSD au ya kawaida? Njia tano za kutambua, zikilinganishwa

Tangazo linasema gari lina LSD, yaani difu inayozuia tairi moja la nyuma kuzunguka bure peke yake. Dalali anaapa ni kweli. Muuzaji wa spea naye ameziandika herufi hizo tatu kwa chaki juu ya difu iliyoshushwa kutoka Japani, na bei imepanda papo hapo. Anayetaka kununua anabaki na chuma kilichofungwa, kimejaa oili, na kwa nje hakina tofauti kubwa na difu ya kawaida ya gari lile lile.

Kujua ukweli kuna faida tatu za moja kwa moja. Kwanza ni matope: Hilux yenye LSD na isiyo nayo hazitoki kwenye shimo moja kwa namna moja. Pili ni oili, kwa sababu LSD ya plati ikiwekewa oili isiyo yake huanza kugugumia kwenye kona. Tatu ni fedha yako. Njia za kutambua zipo kadhaa, na mafundi hubishana ipi ni sahihi. Kwa maoni yangu ubishi mwingi unatokana na watu kujibu maswali mawili tofauti wakidhani ni moja. Swali la kwanza: gari lilitoka kiwandani na LSD? La pili: leo difu iliyo chini yake bado inashika? Gari la miaka 20 linaweza kujibu "ndiyo" kwa swali moja na "hapana" kwa lingine.

Kwanza, tunatafuta nini

Difu ya kawaida huruhusu magurudumu ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, maana kwenye kona gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani. Udhaifu wake ni kwamba nguvu inayokwenda kila upande ni sawa. Upande mmoja ukiwa kwenye utelezi na kuhimili nguvu kidogo tu, upande wa pili nao hupata kiasi hicho hicho kidogo hata kama umekanyaga udongo mkavu. Ndiyo maana gari hubaki pale pale huku tairi moja likizunguka na kurusha tope.

LSD hupunguza tofauti hiyo ya kasi kati ya matairi, lakini haziko za aina moja, na hapa ndipo vipimo vingi vinapowakwaza watu.

Ya plati ina sahani za msuguano zilizobanwa ndani, zinazofanya kazi kwa jinsi inayokaribiana na klachi. Nyingi hushika kiasi hata gari likiwa limesimama. Ndiyo utakayoikuta kwenye Nissan Patrol na pikapu nyingi zenye LSD.

Ya visko ni pipa dogo lililozibwa, ndani lina sahani nyembamba zinazoogelea kwenye mafuta mazito ya silikoni. Hushika pale upande mmoja unapouzidi mwingine kasi. Subaru Impreza WRX nyingi na Nissan Silvia za S14 zilitumia aina hii.

Ya gia haina plati wala silikoni. Msuguano wa meno ya gia zilizokatwa kwa mshazari ndio unaofanya kazi. Maarufu zaidi ni Torsen, iliyotokana na hataza ya Mmarekani Vernon Gleasman ya mwaka 1958. Mazda MX-5 inaonyesha vizuri jinsi jina la gari pekee lisivyotosha: za mwanzo zenye injini ya 1.6 zikiwa na LSD ni ya visko, na ilipokuja injini ya 1.8 LSD ikawa Torsen.

Usichanganye na difloki. Kama kuna swichi ya kufunga difu ya nyuma kwenye dashibodi, kama zilivyo Land Cruiser na Hilux kadhaa, na kuna mota ndogo iliyofungwa kwenye nyumba ya difu, hicho ni kifaa kingine kabisa.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nimeipima kwa mambo yale yale: inajibu swali lipi kati ya yale mawili, inahitaji vifaa gani na muda gani (pamoja na ruhusa ya mwenye gari, maana yadi nyingi hazitakuruhusu kupiga jeki), ina hatari gani, inadanganya wapi, na inamfaa nani.

Njia ya 1: Kibati cha chasisi na katalogi ya spea

*Inajibu nini.* Kiwanda kilifunga nini. Basi.

Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina kibati cha bati kwenye ukuta wa injini chini ya boneti, au lebo kwenye nguzo ya mlango. Tafuta mstari ulioandikwa TRANS/AXLE: kodi (msimbo wa herufi na tarakimu) ya kwanza ni ya giaboksi na ya pili ni ya difu. Mfano unaojulikana zaidi ni Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86. Kodi T282 ni difu ya kawaida, T283 ni LSD. Herufi ya mwanzo ni ukubwa wa krauni (gia kubwa ya difu), tarakimu mbili za kati ni uwiano wa gia, na ya mwisho ni aina ya difu. Toyota za baadaye ziliweka herufi mahali pa tarakimu hiyo ya mwisho, kwa hiyo usibahatishe kwa kuangalia mfano wa gari jingine. Chukua kodi nzima, ingiza namba ya chasisi kwenye katalogi ya spea ya mtandaoni, kisha fungua mchoro wa difu ya nyuma. Mchoro ukionyesha plati au pipa la visko, umeshapata jibu la kiwandani.

Kwa Waswahili walioko Marekani au wanaoagiza magari ya huko: kwenye magari ya General Motors tafuta kodi G80 kwenye lebo ya vifaa, ambayo mara nyingi imebandikwa ndani ya sanduku la glavu. Kodi hiyo maana yake gari lilitoka na difu ya nyuma inayojifunga au inayozuia utelezi. Ford huandika kodi ya ekseli kwenye lebo ya mlango wa dereva.

*Vifaa na muda.* Simu na dakika chache. Uzuri wake mkubwa ni kwamba gari linaweza kuwa bado liko Yokohama na wewe uko Mwanza. Mwombe muuzaji picha ya kibati kabla ya kutuma fedha. Muuzaji makini atakutumia, na anayekwepa ombi dogo kama hilo amekupa habari pia.

*Hatari.* Hakuna.

*Inapodanganya.* Kibati hakijui kilichotokea baada ya kiwanda. Difu ya Mark II au Altezza huhamishwa kwa urahisi, hasa kwa gari lililopita mikononi mwa vijana wa kuserereka (drifti): wengine huingiza LSD, wengine huitoa na kuiuza peke yake kabla ya kuuza gari. Tena kibati hakikwambii kama plati zimekwisha.

*Inamfaa nani.* Anayeagiza kutoka nje, na mwenye gari anayejua historia yake yote na kwamba difu haijawahi kuguswa.

Njia ya 2: Lebo kwenye difu yenyewe

*Inajibu nini.* Nyumba ya difu ilitengenezwa kwa ajili ya nini. Iko karibu zaidi na hali ya leo kuliko kibati, lakini bado ni maandishi.

Ingia chini na tochi na brashi ya waya, uangalie karibu na nati ya kujazia oili na upande wa nyuma wa difu. Watengenezaji kadhaa wa Japani walibandika lebo au kibati kidogo chenye herufi LSD au onyo kwamba itumike oili ya LSD peke yake. Ford walifunga kibati kwenye bolti ya kifuniko: 3L73 ni uwiano wa 3.73 wenye LSD, na herufi L katikati ya tarakimu ndiyo inayokuambia. BMW za zamani zina kibati ambacho herufi S mbele ya uwiano, mfano S3.15, huashiria difu yenye kizuizi.

*Vifaa na muda.* Tochi, brashi, kitambaa, robo saa. Gari refu kama Patrol unaingia chini bila hata kulinyanyua.

*Hatari.* Ndogo, ilimradi usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kubeba gari ni stendi.

*Inapodanganya.* Hapa uzito wa ushahidi hauko sawa pande zote. Kuiona lebo ya zamani, iliyochakaa pamoja na chuma chake, ni dalili nzuri. Kutoiona si dalili ya chochote, maana lebo ya karatasi haistahimili miaka ya tope, chumvi na maji ya kuoshea kwa presha. Na kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii: kwenye ekseli za aina ya Hilux, kibebeo cha difu (sehemu inayobeba gia zake) huchomoka chote kwa mbele na kuiacha nyumba yake ikining'inia chini ya gari. Kibati kilichofungwa kwenye nyumba kitaendelea kusema LSD hata kama kilichorudishwa ndani ni difu ya kawaida. Lebo mpya inayong'aa juu ya difu kuukuu nayo inastahili swali.

*Inamfaa nani.* Mnunuzi aliye yadini ambaye haruhusiwi kufungua wala kunyanyua kitu. Itumie pamoja na kibati. Vikikubaliana, una sababu ya kuendelea.

Njia ya 3: Kunyanyua nyuma na kuzungusha tairi kwa mkono

Hii ndiyo njia ninayoithamini kuliko zote kwa gharama yake, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Nitakaa nayo kidogo.

*Inajibu nini.* Difu inafanya nini leo.

*Vifaa na muda.* Jeki, stendi mbili, kabari za matairi ya mbele, na mtu wa pili wa kutazama. Nusu saa inatosha.

Egesha mahali pa bapa na pagumu. Weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya mbele, maana handibreki ya magari mengi hushika nyuma na hapa itabidi uiachie. Nyanyua hadi matairi yote mawili ya nyuma yaache ardhi, shusha gari juu ya stendi, ulitikise kidogo kuhakikisha limekaa. Injini imezimwa.

Watu wengi huishia kuweka gia huru na kuzungusha. Kipimo hicho kinafaa kwa kuanzia: kama tairi la pili linazunguka kinyume na lile unalolizungusha, difu inaonekana ya kawaida, kama linafuata upande ule ule, inaonekana LSD. Shida ni kwamba gia ikiwa huru, propela shafti (mhimili unaoleta nguvu kutoka giaboksi hadi difu) nayo iko huru. Breki inayokwaruza upande mmoja, au beringi nzito, inaweza kubadilisha matokeo na ukaondoka na jibu la uongo.

Kwa hiyo rudia huku propela shafti imefungwa. Gari la gia za mkono, weka gia ya kwanza. La otomatiki, weka P. Sasa zungusha tena tairi moja na usome hivi:

- Linazunguka kwa wepesi na la pili linakwenda kinyume: difu ya kawaida, au LSD ya plati iliyokwisha, au Torsen.
- Halitaki kuzunguka, au linasogea kwa nguvu nyingi tu: LSD ya plati iliyo hai, au difu iliyochomelewa.
- Linasogea polepole lakini kadiri unavyoharakisha ndivyo linavyokataa, kama mwiko kwenye ugali unaokaza: visko iliyo hai.

Kwa nini Torsen hujificha? Kwa sababu kazi yake ni kuzidisha. Huchukua nguvu inayohimiliwa na tairi lenye mshiko mdogo na kulipa lenye mshiko mkubwa mara mbili, tatu au zaidi ya hiyo, kulingana na muundo. Tairi likiwa hewani halihimili kitu, na sifuri ukiizidisha kwa tatu ni sifuri. Baadhi zina springi ndogo ndani zinazoleta ukinzani kidogo, lakini nyingi mkononi huhisi kama difu ya kawaida kabisa. Mtu akikuuzia gari ambalo kodi yake ni ya Torsen, usimwite mwongo kwa sababu matairi yalikwenda kinyume ulipoyazungusha.

Difu iliyochomelewa, ile ambayo gia zake za ndani zimeunganishwa kwa weldi ili magurudumu yote mawili yafungwe daima, hutofautishwa na LSD kwa kutumia nguvu zaidi. Watu wawili wavute matairi pande tofauti kwa wakati mmoja. LSD ya plati hatimaye hukubali na kuteleza kwa mkwaruzo laini. Iliyochomelewa haisogei zaidi ya ule uchezo wa meno ya gia. Kwenye barabara ya lami utaijua pia kwa matairi yanayolia gari linapogeuka polepole.

Kama unataka namba badala ya hisia, rudisha gia huru, shusha tairi moja la nyuma liguse ardhi huku la pili liko hewani, kisha pima kwa spana ya torki nguvu inayohitajika kulizungusha lile la hewani. Kitabu cha matengenezo cha magari mengi yenye LSD ya plati kinataja kiwango cha chini kinachokubalika. Chini ya hapo, plati zimechoka.

*Hatari.* Ipo moja kubwa. Usiwashe injini na kuingiza gia huku tairi moja liko chini na jingine juu. Gari lenye LSD litaruka kutoka kwenye jeki, kwa sababu tairi la chini litasukuma. Nimesikia mafundi wakikipendekeza hicho kama kipimo cha haraka, na ninasihi asikijaribu mtu.

*Inapodanganya.* Torsen, na LSD ya plati iliyoisha. Visko kuukuu pia: silikoni yake huchoka kwa joto na miaka, na kwa kuwa pipa limezibwa, kwa kawaida hubadilishwa zima zima badala ya kukarabatiwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari, fundi, na mnunuzi ambaye muuzaji amekubali gari likapimwe gereji. Inafaa vile vile kwa difu iliyoko mezani. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani jijini Dar, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au Kisekka kule Kampala, omba vipande vya shafti vichomekwe pande zote mbili, shika flanji ya pinioni (gia ndogo inayoendesha krauni) isizunguke, kisha zungusha upande mmoja. Maana ya matokeo ni ile ile.

Njia ya 4: Kuliendesha

*Inajibu nini.* Gari zima linafanya nini leo, ikiwemo difu.

*Vifaa na muda.* Eneo la wazi la changarawe au udongo uliolegea, lisilo na watu, na msaidizi wa kutazama akiwa mbali na pembeni. Weka upande mmoja wa gari kwenye udongo laini na mwingine kwenye udongo mgumu, kisha ondoka kwa kukanyaga mafuta zaidi ya kawaida. Michirizi miwili ni dalili ya LSD. Mmoja ni dalili ya difu ya kawaida. Baada ya hapo zunguka duara dogo polepole usukani ukiwa umekatwa mwisho. LSD ya plati, hasa yenye oili isiyofaa, mara nyingi hugugumia na kutetemesha nyuma.

*Hatari.* Gari lenye LSD likiteleza, matairi yote mawili ya nyuma yanaweza kupoteza mshiko kwa pamoja na mkia ukachomoka. Si kipimo cha kufanyia barabarani, wala cha kufanya mvua ikinyesha kwa dereva asiyelijua gari.

*Inapodanganya.* Sehemu nyingi. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana mfumo wa kompyuta unaobana breki ya tairi linaloteleza, nayo difu ya kawaida ikajionyesha kama LSD. Ubonyeze swichi ya kuuzima, na hata hivyo kwenye magari mengine hauzimiki wote. Mchanga ulio laini sawa pande zote nao humfanya mtu aone michirizi miwili hata kwa difu ya kawaida. Kwa upande mwingine, hapa ndipo Torsen hupata haki yake: tairi likiwa chini lina mzigo, difu ina cha kuzidisha, na tofauti huonekana. Ikibidi, kanyaga breki kidogo huku unaondoka ili kuipa mzigo.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari anayetaka kujua kama LSD yake inamsaidia kweli, na yeyote mwenye mashaka ya Torsen baada ya njia ya 3.

Njia ya 5: Kufungua na kutazama

*Inajibu nini.* Kilichomo ndani, bila maneno ya mtu.

Dirisha la kibebeo likiwa wazi na unaona gia mbili ndogo zikitazamana kwenye pini moja, ni difu ya kawaida. Kibebeo kilichozibwa chenye kingo za plati zilizopangwa ni LSD ya plati. Gia ndefu za mshazari zilizolala ni Torsen au jamii yake. Pipa la mviringo lililozibwa ni visko.

*Vifaa na muda.* Inategemea muundo. Difu za R160 za Subaru na R200 za Nissan zina kifuniko cha nyuma. Unamwaga oili, unafungua bolti na kutazama. Za aina ya Hilux hazina kifuniko hicho: mpaka uchomoe hafu shafti, ufungue propela shafti na ukiteremshe kibebeo kizima, na hiyo ni kazi ya fundi kwa saa kadhaa. Njia ya kati ni kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu, inayopitishwa tundu la kujazia oili. Picha haiwi safi sana, ila kutofautisha dirisha wazi na kibebeo kilichozibwa inatosha.

*Hatari.* Kibebeo ni kizito na huponda vidole. Anayefungua asiguse vifuniko vya beringi wala washa za kupimia mkao wa krauni. Zikihama, difu itaanza kuvuma. Kadiria oili mpya na gasketi au silikoni ya kuzibia, na usafi wa hali ya juu.

*Inapodanganya.* Utajua aina, lakini si lazima ujue afya. Pipa la visko lililokufa linafanana na zima. Unene wa plati hauonekani bila kufumua kibebeo. Yaani hata jicho lililoona linahitaji mkono wa njia ya 3.

*Inamfaa nani.* Anayebadilisha oili hata hivyo, anayenunua difu ya bei kubwa, na fundi anayetengeneza kelele. Kibebeo cha Hilux kilichoko mezani hakihitaji kufunguliwa: chungulia tu.

Kulingana na hali yako

*Unaagiza gari na hujaliona.* Kibati na namba ya chasisi ndivyo ulivyonavyo, basi vitumie kikamilifu: picha ya kibati, katalogi, na picha ya difu kutoka chini kama muuzaji yuko tayari. Usilipe ziada kwa ajili ya neno LSD lililoko kwenye tangazo tu. Likifika, pima kwa mkono kabla hujaanza kulitegemea shambani.

*Uko yadini.* Anza na kibati, kisha lebo. Vikipingana, omba gari lipelekwe gereji likanyanyuliwe kwa gharama yako. Muuzaji akikataa, jadiliana bei kama ya gari lenye difu ya kawaida.

*Unanunua difu peke yake.* Sahau lebo na chaki. Izungushe huku flanji imeshikwa, na chungulia ndani. Halafu hesabu uwiano wa gia: meno ya krauni gawa kwa meno ya pinioni. Kwa gari linalovuta mbele na nyuma uwiano wa difu mbili lazima ulingane, la sivyo utaharibu giaboksi au kasha la kugawia nguvu. Kosa hilo lina gharama kubwa kuliko kukosa LSD.

*Una gari la safari za tope, umelinunua likiwa na LSD, na sasa linakwama kirahisi.* Ruka makaratasi. Njia ya 3 propela shafti ikiwa imefungwa, kwa spana ya torki kama ipo. Ikionyesha wepesi na kodi ni ya plati, peleka plati zikaguliwe. Kodi ikiwa ya Torsen, lipime kwa kuliendesha kwanza.

*Unataka tu kujua oili ya kuweka.* Huhitaji kufungua chochote. Oili ya gia ya daraja la GL-5 iliyoandikwa kuwa inafaa kwa LSD, yenye uzito uliotajwa kwenye kitabu cha gari, haiidhuru difu ya kawaida, wakati oili isiyo ya LSD huisumbua ya plati. Ukiwa na gari ambalo kodi yake ni ya Torsen, soma kitabu kwanza, kwa kuwa aina hiyo hufanya kazi kwa msuguano wa gia na watengenezaji wengi huitakia GL-5 ya kawaida.

*Umenunua gari lililowahi kuserereshwa.* Anza kwa kuhakikisha difu haikuchomelewa. Watu wawili, matairi mawili, kila mmoja avute upande wake. Kama hayasogei hata kidogo, usisafirishe familia nalo kwenye mvua mpaka difu hiyo ibadilishwe.